Risasi, Maji na Macho ya Watu

Katika shule za msingi za upande huu wa Rufiji, kuanzia Mtunda na Ruaruke mpaka Bungu na Kibiti penyewe, hutokea mara moja moja asubuhi ambayo mwalimu wa zamu, akiisha kukagua kucha na usafi wa sare mstarini, hutangaza kwamba baada ya vipindi kuna mgeni wa mazingaombwe, na kwamba kila atakaye kutazama aje na kiingilio chake; na tangu saa hiyo hakuna hesabu wala sayansi inayoingia kichwani mwa mtoto yeyote. Mgeni mwenyewe aghalabu hana zaidi ya sanduku moja na kijana mmoja wa kumsaidia. Hutandika kitambaa chini ya mwembe, huonyesha viganja vyake vitupu mbele na nyuma, kisha huchukua gazeti akalifunua ukurasa kwa ukurasa ili khalaiki yote ishuhudie kwamba halina kitu, akalisokota kama ile karatasi ya kutilia karanga, akamimina ndani yake kikombe kizima cha maji, akanuia maneno yasiyofahamika, na alifunguapo tena gazeti hukutwa kavu, wala pale chini pa miguu yake hapana tone.

Kazi hiyo, kwa aijuaye, haina siri kubwa. Kati ya kurasa mbili zilizogandishwa kwa gundi umefichwa mfuko mwembamba wa nailoni unaopokea maji na kuyazuia, na ustadi wote umo katika kulishika gazeti kwa juu, hata mdomo wa mfuko ubaki umebanwa baina ya vidole wakati kurasa zinapopeperushwa mbele ya macho ya watu. Lakini mtoto aliyekaa mchangani haoni mfuko; aonacho ni maji yaliyoingia na hayakutoka. Nimelitanguliza gazeti hili kavu kwa makusudi, kwa kuwa bonde la Rufiji lina habari nyingine, kongwe na nzito, ya kitu kilichozama majini kikatoka kikavu mbele ya mashahidi, na habari hiyo iliziinua kabila nyingi na kuigharimu nchi roho zisizo na idadi. Haiwezekani kuisimulia historia ya maajabu ya hadharani katika nchi hii bila kupita Ngarambe. Lakini pia si haki kuifikia Ngarambe moja kwa moja, kana kwamba hapakuwa na maajabu mahali pengine wala watazamaji wengine walioshikwa na bumbuwazi.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba fani hii haitendeki pasipo ugeni. Mtu wa kwao hana ajabu: majirani wanaijua mifuko yake, wanamjua mamaye, wanakumbuka alivyoshindwa mtihani. Ndiyo sababu mwenye mazingaombwe daima ni msafiri, na ndiyo sababu pwani, ambayo kazi yake tangu kale ni kupokea wageni, ilikuwa uwanja mwema kwa watu wa namna hii. Katika delta yetu majahazi ya Arabuni, ya Uajemi na ya Kachi yalikuwa yakiingia na kaskazi kuchukua boriti za mikoko, yakingoja kusi ili yarudi, na mabaharia walikaa miezi katika bandari za mwambao wakiwa na wasaa wa kutosha wa kusimulia na kuonyesha kila walichojifunza katika masoko ya kwao. Baadaye, Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za abiria zilizoelekea Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilipita Port Said, na hapo Wamisri waliojulikana kwa jina la gali gali walipanda sitahani na vikombe vyao, wakavitoa vifaranga hai mifukoni na migongoni mwa abiria, wakavifanya vitoweke, kisha wakavitoa tena shingoni mwa mtu mwingine aliyekuwa hana habari. Wapo wengi waliofika kwetu kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kudanganywa hivyo, nao wakafurahi.

Lakini ushahidi bora kuliko wote wa jambo hili, kwa msomaji wa pwani, ni ule wa Ibn Battuta. Msafiri huyo wa Tanja alishuka mwambao wetu katika mwaka 1331, akaona Mogadishu, akalala Mombasa, akapita bahari iliyo mbele ya milango ya Rufiji mpaka Kilwa, akaisifu kwa uzuri wa majengo yake na kwa ukarimu wa sultani wake, Abu al-Mawahib al-Hasan bin Sulaiman. Baada ya miaka mingi, alipofika China katika mji wa Khansa, ambao sasa huitwa Hangzhou, aliandaliwa karamu na amiri wa mji, na katika burudani za usiku huo alitokea mchezaji mmoja akiwa na tufe la mti lenye matundu yaliyotiwa kamba ndefu za ngozi. Mtu yule alilirusha tufe juu likapaa hata likapotea machoni; akamwamuru mwanafunzi wake kupanda kwa ile kamba, naye akapanda akatoweka; akamwita mara tatu asiitikiwe, akashika kisu kwa hasira, akapanda mwenyewe akatoweka vile vile. Mara ukaanguka mkono wa kijana, kisha mguu, kisha mkono wa pili na mguu wa pili, kisha kiwiliwili, na mwisho kichwa. Bwana wake akashuka akihema, nguo zake zimetapakaa damu, akaibusu ardhi mbele ya amiri, akavipanga vile viungo kila kimoja mahali pake, akapiga teke, na kijana akasimama mzima.

Ibn Battuta, mtu aliyekuwa kadhi, aliyehiji zaidi ya mara moja na aliyekwisha kuvuka bahari na majangwa, alishikwa na mapigo ya moyo kama yale yaliyompata zamani mbele ya sultani wa Delhi alipowaona watu wa Kihindi wakielea hewani, hata ikabidi anyweshwe dawa ndipo apate nafuu. Aliyemtuliza ni kadhi Afkharuddin aliyeketi ubavuni pake, ambaye alimwapia kwa jina la Mungu kwamba hapakuwa na kupanda wala kushuka wala kukatwa kiungo, na kwamba yote yalikuwa kiinimacho. Mimi naipenda habari hii kwa sababu moja: inatuonyesha watu wawili wenye elimu ile ile na dini ile ile, wameketi bega kwa bega, wanatazama jambo moja, na mmoja anakaribia kuzimia ilhali mwenzake anaendelea na karamu. Mkono wa mchezaji ulikuwa ule ule kwa wote wawili. Kilichozidi ni kwamba mmoja alikuwa mgeni pale.

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa wajinga wa tofauti hizo. Mtoto aliyesoma chuoni alisimuliwa mapema habari ya Nabii Musa na wachawi wa Firauni, walioyazuga macho ya watu wote kwa kutupa kamba na fimbo zilizoonekana kana kwamba zinakwenda, hata fimbo ya Musa ilipozimeza, wa kwanza kusujudu wakawa wale wale mafundi, kwa kuwa wao ndio waliojua mpaka wa kazi yao uko wapi. Wanavyuoni wakapambanua baina ya muujiza wa mtume, karama ya walii, sihiri ya mchawi, na wepesi wa mkono ambao hauna pepo wala jini bali mazoezi tu. Katika maisha ya vijiji, hata hivyo, mipaka hiyo haikuchorwa kwa kalamu. Mtu alipofanya shani mbele ya watu, kila mtazamaji alimweka katika fungu alilolihitaji yeye mwenyewe, na haja ya mtazamaji ndiyo iliyomuumba mtenzi kuwa mchezaji, au mganga, au nabii.

Sasa tufike Ngarambe.

Katika mwaka 1902 serikali ya Wadachi, ambayo ilikwisha kuwatoza watu kodi ya nyumba, ilianzisha katika mwambao mashamba ya pamba ya jumla, ambayo kila mwanamume wa kijiji alipasiwa siku za kulima chini ya jumbe na akida, na kiboko kikiwa kitu cha kawaida kwa mwenye kuchelewa. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa takriban senti 35 kwa mtu, hata wengine wakakataa kuyapokea. Mrufiji, ambaye mto wenyewe humpangia majira, akipanda mpunga maji yajapo na kuuvuna kabla hayajamharibia, na ambaye huhamia katika dungu lake shambani kuwinga ndege na kuwafukuza nguruwe, aliona siku zake za shamba zikichukuliwa na zao lisiloliwa. Kwa Wamatumbi wa milimani, Wakichi na Wangindo hali ilikuwa hiyo hiyo, na wote hao kwa vizazi walikuwa wakienda kuomba mvua na rutuba kwa Bokero, mzimu mkubwa uliokuwa na makao yake Kibesa kando ya mto Rufiji.

Mwaka 1904 mtu mmoja wa Ngarambe, jina lake Kinjikitile Ngwale, alijiwa na pepo aitwaye Hongo. Simulizi zilizokusanywa na Gilbert Gwassa na wenzake katika miaka ya 1960, kutoka vinywani mwa wazee waliokuwa hai wakati wa mambo yenyewe, zinaeleza kwamba alitolewa nyumbani kwake akitambaa kwa tumbo, mikono ameinyosha mbele, akavutwa mpaka kwenye kilindi cha kijito kinachoingia Rufiji, akazama. Jamaa zake walijaribu kumshika wasimweze. Wapiga mbizi hodari wakaingia kumtafuta wakatoka mikono mitupu. Watu wakakesha ukingoni wakimhesabu kuwa maiti. Kesho yake, yapata saa tatu asubuhi, alitoka majini mzima, nguo zake kavu, akaanza kusema mambo ya ghaibu.

Nguo kavu! Jambo hilo dogo, ambalo msimulizi angaliweza kulipuuza katikati ya habari kubwa ya mtu aliyerudi kutoka mautini, ndilo lililoshikwa na kumbukumbu za watu kwa miaka sitini. Mwenye kuyatazama mambo kwa jicho la mazingaombwe atasema upesi kwamba yako maelezo: usiku ulikuwa wa giza, ukingo ulikuwa na magugu, mtu anaweza kutokea upande mwingine na kungoja. Yasemwe hayo kwa ajili ya uadilifu, lakini hayatufikishi mbali, kwa kuwa hayaelezi hata chembe ya yaliyofuata. Mchezaji akiisha kutenda ajabu yake hukusanya senti akaenda zake. Kinjikitile alikaa pale pale Ngarambe, katika kijiji chake, penye watu waliomjua tangu utotoni, na ulimwengu ndio uliomwendea. Hapo kanuni niliyoitaja, kwamba mtu wa kwao hana ajabu, ilivunjika, na kuvunjika kwake ni dalili kwamba kazi yake ilikuwa ya namna nyingine.

Habari ilienea kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, sikio kwa sikio, mpaka njia za kuelekea Ngarambe zikajaa misafara ya watu wasiojuana, wa lugha mbalimbali, ambao jana yake walikuwa wakiogopana. Walioulizwa na wakubwa wa serikali walijibu kwamba wanakwenda kutafuta dawa ya mazao na ya afya, na jibu hilo halikuwa uongo mtupu. Walipofika walipewa maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika. Mengine walimiminiwa mwilini, mengine waliyanywa, na mengine waliyachukua kwenda makwao. Waliambiwa kwamba maji hayo yatazigeuza risasi za Wadachi ziwe maji, na walifundishwa hapo hapo kukaa kwa safu na kutembea kwa amri, zoezi lililoitwa likinda. Wajumbe waliopewa dawa walitumwa nje ya Rufiji, nao wakaitwa mahongo, kila mmoja akilibeba neno hilo katika nchi nyingine.

Ipo nukta ambayo wengi husahau wanapomhukumu mtu huyu. Kinjikitile aliwaamuru watu wasianze vita mpaka atoe amri mwenyewe. Aliwaunganisha kwanza, siku ya kupigana aliiahirisha. Falau angalikuwa mdanganyifu wa sokoni, angaliweza kufaidi na kutoweka kabla ya mtihani. Na falau angalikuwa mwendawazimu, asingalikuwa na subira. Waliochoka kungoja ni Wamatumbi. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina machache ya pamba katika shamba la serikali, wakijua vyema kwamba akida hataliachia jambo hilo, na kwa mashina hayo machache vita vya Maji Maji vikafunguliwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Muhoro, mji wa boma upande wa kusini wa mto, wakati vita vyenyewe vilikuwa na siku chache tu. Na inasimuliwa kwamba aliwaambia wauaji wake kuwa kifo chake hakitazuia kitu, maana dawa imekwisha kufika mbali.

Ilikuwa kweli. Katika mwezi huo huo Liwale iliteketezwa, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge mchana kweupe, wakija safu kwa safu mbele ya bombomu. Siwezi kuandika juu ya asubuhi hiyo kwa moyo mtulivu. Waliotangulia walianguka, na waliofuata wakapita juu yao wakiamini kwamba walioanguka wamevunja mwiko fulani, na kwamba kwao wao maji yatafanya kazi. Serikali ya Gavana von Götzen iliishinda nchi mwishowe kwa njaa zaidi kuliko kwa bunduki, ikichoma ghala na mashamba hata wanyama wa mwitu wakarudi mahali palipokuwa vijiji. Wadachi wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na Gwassa akaona idadi ya kweli ni baina ya 250,000 na 300,000.

Wadachi walioandika habari za vita hivyo waliyaita maji hayo hila za waganga wenye kuwalaghai wapumbavu, na neno hilo likarudiwa katika vitabu vya shule kwa muda mrefu. Ni haki basi kukumbusha kwamba miaka 49 kabla ya Mahenge dola moja ya Ulaya ilikuwa imefanya ajabu ile ile ya risasi, hadharani, kwa makusudi ya kutawala. Katika mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa wa zamani aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe mjini Paris, ili awashinde kwa shani masharifu na watu wa tarika waliokuwa wakiwatia raia moyo wa kuasi. Mwezi Oktoba, katika ukumbi wa michezo wa Algiers, mbele ya machifu walioalikwa, alileta kisanduku kidogo ambacho hata mtoto angaliweza kukiinua, akamwambia mtu mmoja shujaa, mwenye misuli, kwamba atamnyang'anya nguvu zake. Na mtu yule, aliyekwisha kukiinua kwa urahisi, hakuweza tena kukisogeza, kwa sababu chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme iliyokishika kile chuma cha kitako. Kisha ukapitishwa umeme katika mpini, yule jabari akapiga kelele, akaanguka magotini, akakimbia ukumbini.

Baada ya hapo akaleta bunduki. Mtu wa pale pale alipewa aishindilie mwenyewe na kuitia risasi yenye alama, akamlenga na kufyatua, na risasi ikaonekana imekwama katika tunda la tofaa lililochomekwa ncha ya kisu mkononi mwa Robert-Houdin. Siku nyingine, alipotahiniwa barani mbali na vyombo vyake, alitumia usiku mmoja kutengeneza risasi mbili za nta iliyochanganywa na masizi hata zikafanana na risasi, moja akaiacha tupu ndani na nyingine akaitia damu aliyoitoa katika kidole gumba chake. Asubuhi akabadilisha risasi kwa wepesi wa mkono, akaidaka ya adui kwa meno, naye akafyatua ile ya damu ukutani, ukuta ukavuja damu mbele ya mji mzima. Haya si masengenyo ya adui zake. Aliyasimulia yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kwa fahari, akieleza hata namna nta ilivyoyeyushwa.

Tuweke basi mizani. Mfaransa alijua kwamba risasi yake ni ya nta, na aliitumia kuwavunja moyo watu waliotaka kujikomboa. Mtu wa Ngarambe, kwa kila tunalolijua juu yake, aliyaamini maji yake, na aliyatumia kuwapa moyo watu waliokuwa wakichapwa viboko katika mashamba ya watu wengine. Mmoja alirudi kwao Blois akapumzika kwa heshima. Mwingine alitundikwa Muhoro. Nikisema hivi siwafichi wasomaji kwamba maji hayakuzuia risasi hata moja. Nasema tu kwamba ukipima kwa nia na kwa kilichowapata wenye kuamini, jina la mlaghai linamfaa mtu mwingine.

Wala hatari ya ajabu ya risasi haikuwa ya Waafrika peke yao. London, katika jumba la Wood Green Empire, usiku wa tarehe 23 Machi 1918, mchezaji mashuhuri aliyejiita Chung Ling Soo, ambaye kwa hakika alikuwa Mmarekani jina lake William Robinson, alisimama kudaka risasi kwa sahani kama alivyofanya kwa miaka mingi. Bunduki zake zilikuwa na mtutu wa pili wa siri, hata baruti ya juu isiifikie risasi. Lakini kwa uchakavu baruti ilipenya, risasi ikatoka kweli ikampiga kifuani, na alfajiri akafa. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kutazama, katika nchi ambayo wakati huo huo vijana wake walikuwa wakikabili bombomu huko Ufaransa pasipo sahani wala maji.

Hapa kwetu utawala ulibadilika, haja ya watu isibadilike. Katika miaka ya 1920 mganga aitwaye Ngoja bin Kimeta alizunguka kusini mashariki mwa Tanganyika akiwakusanya watu wa vijiji vizima ili awape dawa ya kukomesha uchawi, na Waingereza, ambao walikuwa wamerithi nchi pamoja na kumbukumbu ya Maji Maji, walizitazama khalaiki hizo kwa wasiwasi mkubwa. Mwaka 1928 ikapitishwa Sheria ya Uchawi. Hata hivyo baadaye upande wa Kilwa na Matumbi ulileta jina jingine, Nguvumali, mganga aliyewafichua wachawi mbele ya kadamnasi, na ambaye Hasani bin Ismail alimtungia utenzi mzima wa sifa, uliochapishwa Oxford mwaka 1968 kwa juhudi za Peter Lienhardt. Sheria iliweza kuwapiga marufuku waganga, isiweze kuwazuia watu kukusanyika.

Ilikuwa baada ya uhuru ndipo mazingaombwe yalipopata nyumba yake mwenyewe, mbali na uganga. Serikali ilipeleka vijana China katikati ya miaka ya 1960 wakajifunze sarakasi, nao waliporudi wakawa kikundi cha taifa. Na vikundi vya utamaduni vilivyostawi Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na Tanzania One Theatre, vilichanganya katika onyesho moja ngoma, kwaya, vichekesho, taarabu, sarakasi na mazingaombwe, pamoja na chatu wa Wasukuma, ambao jamii zao za Wagika na Wagalu zilikuwa tangu zamani zikishindana kwa ngoma na kwa dawa kuvutiana watazamaji. Mtu akitazama ajabu katika ukumbi ambamo dakika tano zilizopita ametazama kichekesho, hana haja ya kuuliza iwapo ni pepo. Mafundi wadogo wadogo waliiga vikundi hivyo, wakachukua masanduku yao, na tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kivuko cha Ndundu, njia ya kwenda shule za kusini imekuwa nyepesi kwao.

Na Kinjikitile naye alipanda jukwaani. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, na katika tamthilia hiyo mtu wa Ngarambe anaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe wakati watu wamekwisha kuyaamini kuliko yeye. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wadachi, anatakiwa aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa; kwa kuwa akisema hivyo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Ebrahim Hussein alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikira, si yule wa historia, nami nampa haki hiyo ya mtunzi. Lakini katika mambo yote yaliyoandikwa juu ya Ngarambe, na Wadachi na wanahistoria na wahubiri, sijasoma penye kulishika swali lenyewe vizuri kuliko pale, na kama mwalimu wa Mtunda angeniuliza awasomee watoto nini wiki ile anayokuja mgeni wa gazeti kavu, ningemwambia awasomee sehemu hiyo ya mwisho, kisha awaache wamtazame mgeni wao na kumshangilia.